Édouard Vuillard, Mchoraji Aliyelelewa kwa Sindano na Uzi

Mwaka 1878, Marie Vuillard, mama wa watoto watatu, alinunua biashara ndogo ya kushona koseti katikati ya jiji la Paris. Koseti lilikuwa vazi la ndani la kubana kiuno na kuinua kifua, na mwanamke wa Kifaransa aliyejiheshimu hakutoka nje bila kulivaa. Ushonaji wake ulitaka subira: kitambaa kizito, vipande vingi vya kuunganisha, vijiti vyembamba vya kushikilia umbo, na mishono iliyokaribiana isiyoruhusu kosa. Mumewe, Honoré, alikuwa kapteni mstaafu wa askari wa majini aliyemzidi umri kwa miaka 27. Baada ya jeshi alikusanya kodi huko Cuiseaux, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, kisha familia ikahamia Paris mwaka 1877. Mzee hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Baada yake, koseti ndizo zikaitunza nyumba.

Kitinda mimba wa nyumba hiyo aliitwa Édouard, aliyezaliwa Cuiseaux tarehe 11 Novemba 1868. Karakana ya mama haikuwa mbali na kitanda chake wala meza ya chakula, kwa sababu kazi ilifanyiwa ndani ya makazi yaleyale. Mtoto alikua akiwaona mafundi wa kike wameinama dirishani kutafuta mwanga, mikasi ikikata, majora yakifunguliwa, vipande vya vitambaa vya maua na mistari vikitapakaa sakafuni. Dada yake, aliyeitwa Marie kama mama, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakishona. Upande wa mama kulikuwa pia na wachoraji wa michoro ya vitambaa, kwa hiyo nakshi na rangi hazikuwa jambo geni katika ukoo. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Vuillard alichora kama alivyochora hana haja ya kuanzia kwenye nadharia za sanaa. Aanzie hapo, penye sindano.

Ilitarajiwa kwamba Édouard angefuata nyayo za baba na kaka yake, Alexandre, akaingia jeshini. Yeye akapata ufadhili wa masomo, akasoma Lycée Condorcet, mojawapo ya shule kubwa za Paris, na huko akakutana na vijana watakaobadili maisha yake: Ker-Xavier Roussel, Maurice Denis, na Aurélien Lugné-Poe ambaye baadaye alikuja kuwa mtu mashuhuri wa tamthilia. Roussel ndiye aliyemvuta kwenye uchoraji. Wakaanza kujifunza pamoja, na Vuillard akajaribu kuingia École des Beaux-Arts, shule ya serikali ya sanaa. Alishindwa mtihani zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa mwaka 1887. Hakukaa sana. Alijifunza mengi zaidi katika jumba la Louvre, akisimama mbele ya picha za Chardin, yule bwana wa karne ya 18 aliyejua kuufanya mtungi wa shaba na kipande cha mkate vionekane vyenye heshima, na mbele ya Waholanzi wa karne ya 17 waliochora vyumba vya watu wa kawaida.

Mwaka 1888 alianza kuweka shajara. Aliandika alichokiona njiani, akachora michoro midogo pembeni mwa maneno, akajihoji kuhusu kazi yake. Mazoea hayo hayakukoma hadi kifo chake, ingawa yalikatika kwa vipindi. Watu waliomfahamu walimjua kama mtu mpole, mwenye ndevu nyekundu, msikivu kuliko msemaji. Maneno aliyowanyima wageni aliyaweka katika madaftari hayo.

Manabii wa rangi

Mwaka huohuo wa 1888, mwanafunzi mmoja aitwaye Paul Sérusier alirudi Paris kutoka Pont-Aven, kijiji cha Brittany, akiwa na kibao kidogo alichokichora chini ya maelekezo ya mchoraji Paul Gauguin. Gauguin alikuwa amemwambia asihangaike kuiga maumbile. Mti ukionekana wa manjano, paka manjano nzuri kuliko zote ulizonazo. Kivuli kikielekea buluu, kipake buluu bila woga. Kibao hicho, kilichokuja kuitwa Hirizi, kilikuwa na mabaka tu ya rangi ambayo jicho likitulia hugeuka kuwa miti, njia na maji. Vijana walikizunguka kwa mshangao. Kundi likazaliwa, likajiita Nabis, yaani manabii, kwa neno la Kiebrania. Ndani yake walikuwamo Sérusier, Denis, Pierre Bonnard, Paul Ranson, Roussel, na baada ya kusitasita kidogo, Vuillard.

Mwaka 1890 Denis aliandika makala iliyokuwa kama katiba ya kundi hilo. Alisema kwamba picha, kabla ya kuwa farasi wa vita au mwanamke au kisa chochote, ni uso bapa uliofunikwa kwa rangi zilizopangwa kwa utaratibu fulani. Mwaka huo pia maonyesho makubwa ya picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao yalifanyika Paris, na vijana hao wakaona wenyewe jinsi Wajapani walivyoweza kukata mwili wa mtu ukingoni mwa picha, kuacha nafasi tupu, na kuweka kitambaa cha nakshi bila kukitia kivuli hata kidogo.

Wenzake wengi katika kundi waliitumia nadharia hiyo kupanda juu: wakachora watakatifu, malaika, hadithi za kale, misitu ya ndotoni. Vuillard aliirudisha nyumbani. Kama picha ni uso bapa wenye rangi zilizopangwa, basi yeye alikuwa amekulia ndani yake. Mezani kwa mama yake kila siku vipande bapa vya rangi vilipangwa na kuunganishwa mpaka vikawa kitu chenye umbo la mwili wa mtu. Kati ya mwaka 1890 na 1895 alichora picha ndogondogo, nyingi kwa rangi ya mafuta juu ya kadibodi: mwanamke anafagia, mwanamke anatunga uzi kwenye sindano, wawili wanajadili kitambaa, familia mezani baada ya kula. Alipofanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1891, ukumbi wenyewe ulikuwa ofisi za jarida la La Revue Blanche, lililokuwa mali ya ndugu watatu, Alexandre, Thadée na Alfred Natanson.

Picha moja ya mwaka 1893, iliyoko leo katika jumba la Museum of Modern Art, New York, inatosha kuonyesha uwezo wake. Ni ndogo, urefu wake haufiki sentimita 60. Mama yake ameketi katikati, amevaa nguo nyeusi isiyo na pambo, magoti ameyaachanisha, mikono ameikita mapajani, uso wake unamtazama mtazamaji bila haya. Ni mwenye nyumba, na hana shaka na jambo hilo. Dada yake, Marie, yuko pembeni, amebanwa ukutani, ameinamisha mwili na shingo kana kwamba ukingo wa juu wa picha umeshuka na asipoinama hataenea. Gauni lake la mirabaraba limekaribia kumezwa na madoadoa ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Mtu akiipitia picha haraka anaweza asimwone Marie vizuri, akadhani ni sehemu ya ukuta. Sakafu nayo imeinuka kwa mshazari, inamsukuma.

Hakuna kisa kinachosimuliwa. Hakuna machozi wala mkono ulioinuliwa. Lakini kila anayeitazama anaujua uhusiano wa watu hao wawili: nguvu ya mmoja, na jinsi mwingine anavyotafuta pa kupenya. Vuillard hakuhitaji kuzieleza nyuso zao, kwa kuwa alizipa nguo na ukuta kazi ya kusema. Hapo ndipo usiri wake unapopata maana. Aliyaficha mambo ya nyumbani kwake mahali ambapo kila mtu angeweza kuyaona.

Mwaka huohuo Marie aliolewa na Roussel, rafiki wa kaka yake. Ndoa ilianza vibaya. Roussel hakuwa mwaminifu, na wenzi hao wakapata misiba ya kufiwa na watoto kabla ya binti yao Annette kuzaliwa mwaka 1898. Vuillard, aliyekuwa kati ya dada na rafiki, aliendelea kuchora chumba na watu wake, na mivutano ya ndoa hiyo inasomeka katika picha kadhaa za miaka hiyo: mlango ulioachwa wazi, mtu anayeingia na mwingine anayegeuza uso.

Rangi ya gundi

Lugné-Poe alipoanzisha Théâtre de l'Œuvre mwaka 1893, alimwita Vuillard kuchora mandhari za jukwaani na vipeperushi vya maonyesho, ikiwemo kwa tamthilia za Henrik Ibsen wa Norwei. Huko jukwaani Vuillard alijifunza ufundi uliobadilisha kazi yake: rangi ya gundi. Unga wa rangi huchanganywa na gundi ya ngozi ya sungura iliyoyeyushwa motoni. Gundi lazima ibaki ya moto muda wote wa kazi, maana ikipoa inaganda. Na kuna ugumu mwingine: rangi ikiwa mbichi huonekana iliyokolea, ikikauka hupauka. Mchoraji anapopaka haoni kile kitakachobaki. Hana budi kusubiri kikauke, akitazame, apake tena juu yake.

Wachoraji wa mandhari za jukwaani waliitumia kwa sababu ni rahisi kwa bei na hukauka upesi. Vuillard aliipenda kwa sababu haing'ai. Rangi ya mafuta huakisi taa na kumkumbusha mtazamaji kwamba mbele yake kuna picha, lakini rangi ya gundi hunyonya mwanga kama vumbi la chaki, ukuta na picha vikawa kitu kimoja. Alirudia tabaka juu ya tabaka, haba na haba, mpaka baadhi ya picha zake zikawa na gamba zito linalowasumbua watunzaji wa majumba ya makumbusho hadi leo, kwa kuwa hubanduka kwa urahisi.

Ufundi huo ulimwezesha kutoka kwenye kadibodi ndogo na kwenda kwenye kuta nzima. Mwaka 1894 Alexandre Natanson alimwagiza picha tisa za kupamba nyumba yake. Vuillard akachora bustani za umma za Paris: yaya na watoto, wasichana wanacheza, wanawake watu wazima wanapiga soga kwenye viti, kivuli cha miti kimelala juu ya mchanga mweupe. Alikuwa na miaka 25. Tajiri wa kawaida angetaka miungu ya Kiyunani ukutani kwake. Natanson alipata yaya wakiwa kazini, na akaridhika. Seti hiyo ilitawanyika baadaye. Tano kati ya picha hizo ziko Musée d'Orsay, Paris, na nyingine zimefika Cleveland, Houston na Brussels. Mwaka 1896 alimchorea daktari Henri Vaquez picha nne ambazo sasa ziko Petit Palais, Paris. Humo wanawake wanasoma na kushona katika vyumba vilivyosheheni maua ya ukutani, ya zulia na ya mapazia, hata jicho linapaswa kutembea polepole ili liwapate watu.

Mapenzi yasiyotangazwa

Katika nyumba ya Thadée Natanson, Vuillard alimpenda Misia, mke wa mwenye nyumba, mpiga piano aliyependwa na nusu ya wasanii wa Paris. Hakuvuka mpaka. Alimchora tena na tena, akiwa amekaa kwenye piano au amejiegemeza kitini, na ndilo tamko pekee alilolitoa. Tangu mwaka 1900 nafasi hiyo ilichukuliwa na Lucy Hessel, mke wa Jos Hessel, mfanyabiashara wa picha aliyehusiana na duka la Bernheim-Jeune. Urafiki wao ulidumu miaka 40. Karibu kila siku Vuillard alikwenda kwa akina Hessel, na kila siku alirudi kulala kwa mama yake. Hakuoa. Aliishi na Bibi Vuillard hadi mama huyo alipofariki Desemba 1928, mwana akiwa na umri wa miaka 60.

Mama huyo alikuwa mshirika katika kazi kuliko watu wanavyodhani. Karibu na mwaka 1897 Vuillard alinunua kamera ya Kodak. Aliiweka juu ya kabati au meza wakati wa mazungumzo, akawaomba watu watulie kidogo, akabonyeza. Bibi Vuillard ndiye aliyesafisha picha hizo nyumbani, kwa vyombo vya jikoni. Zaidi ya picha elfu moja zimesalia. Alipoacha ushonaji, mama huyo aliendelea kuwa mtu anayechorwa: dirishani, mezani, akizeeka mbele ya macho ya mwanawe, hadi picha za mwisho ambamo amekuwa mdogo kuliko kiti chake. Vuillard alikuwa akisema kwamba mama yake ndiye chemchemi ya sanaa yake, na ushahidi wa maneno hayo ni picha mia kadhaa.

Mwaka 1912 serikali ilitaka kumpa nishani ya Légion d'honneur pamoja na Bonnard na Roussel. Wote watatu waliikataa. Vita vya 1914 vilipoanza, aliitwa kulinda njia ya reli, kisha akaruhusiwa kurudi. Mwaka 1917 alitumwa kwenye milima ya Vosges kama mchoraji wa vita. Wengine walirudi na milipuko na farasi waliokufa. Yeye alirudi na picha ya mfungwa anayehojiwa ndani ya chumba chenye baridi na jiko la kuni, mtu mmoja amesimama mbele ya waliokaa. Alichora pia kiwanda cha silaha karibu na Lyon, akiwaonyesha wafanyakazi kati ya mashine.

Miaka ya picha za watu

Wakati huo sanaa ya Paris ilikuwa imekwenda mbali. Mwaka 1905 Matisse na wenzake waliushtua mji kwa rangi kali, na baada yao Picasso na Braque wakavunjavunja maumbo. Vuillard hakuwafuata. Alizidi kuchora watu wenye uwezo, kila mmoja katika makazi au ofisi yake, akitumia miaka kwa picha moja na kuijaza vitu: mafaili, chupa, maua, kioo, mbwa. Alikuwa akisema kwamba yeye hachori sura za watu, anawachora watu wakiwa kwao. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi walimpa heshima ya muongo wa 1890 tu, wakaihesabu miaka 40 iliyofuata kuwa ya mtu aliyechoka na kuanza kuwafurahisha matajiri.

Naona hukumu hiyo si ya haki. Tazama picha ya Jeanne Lanvin ya mwaka 1933, iliyoko Musée d'Orsay. Lanvin alikuwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto 11, alianza akiwa binti wa kutengeneza kofia, akajenga mojawapo ya nyumba kubwa za mavazi Ufaransa. Mchoraji mwingine angempamba kwa gauni la usiku. Vuillard alimweka kwenye meza yake ya kazi, katikati ya makaratasi, mwanamke mtu mzima anayejua hesabu zake. Mwana wa mshona koseti alijua anamtazama nani. Alijua kwamba utajiri wa chumba kile ulishonwa, na akauonyesha ukiwa umetokana na kazi. Picha za wapasuaji kwenye vyumba vya upasuaji na za marafiki zake Bonnard, Roussel, Denis na mchongaji Maillol, kila mmoja akiwa kazini, zina imani hiyohiyo: kwamba mtu huonekana vizuri zaidi akiwa amezama katika jambo lake kuliko akiwa amejiweka tayari kutazamwa.

Heshima zilimfikia mwishoni. Mwaka 1937 alichora kwa ajili ya jumba la Palais de Chaillot, mwaka uliofuata kwa jumba la Shirikisho la Mataifa huko Geneva, picha ambayo ndani yake Amani inazilinda sanaa. Mwaka 1938 pia Paris ilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote. Amani ile haikudumu. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris tarehe 14 Juni 1940. Vuillard, akiwa na umri wa miaka 71 na moyo dhaifu, alikuwa amekimbilia pwani ya magharibi pamoja na akina Hessel. Alifariki La Baule tarehe 21 Juni 1940, siku moja kabla ya Ufaransa kutia saini mkataba wa kusitisha vita.

Roussel na mkewe Marie walitimiza nia yake kwa kulikabidhi taifa picha nyingi mwaka 1941. Madaftari ya shajara, zaidi ya 40, yalihifadhiwa Institut de France na kufungwa kwa miongo kadhaa. Yalipofunguliwa kwa watafiti, na maonyesho makubwa ya mwaka 2003 yalipozikutanisha kazi za vipindi vyote, watu walianza kumwona upya. Shajara zilionyesha mtu mwenye hisia nzito, mwenye wivu, hofu na mapenzi, aliyejua hasa alichokuwa akikifanya. Ukimya wake ulikuwa uamuzi. Alichagua kutojiweka mbele ili awape nafasi mama, dada, yaya, mfungwa na fundi, na uamuzi huo aliushikilia miaka hamsini, katika kadibodi ya kiganja na katika ukuta mzima. Basi atazamwe kwa miaka hamsini hiyo yote, si kwa ile kumi ya mwanzo tu.